Kumwita Rahel Mlangoni

4 Mei, Bariadi

Dada Georgina amenipigia simu kutoka Bukoba, ameniamuru niandike. Amesema kama sitaki kuzungumza na watu basi nizungumze na daftari, maana daftari halichoki wala halinipi pole. Nimenunua hili dukani kwa Hamimu. Aliuliza, "La wanafunzi, Mwalimu?" Nikamjibu la mwalimu.

Siku hizi wote wananiita Mwalimu. Miaka kumi na tisa nilikuwa Mama Rahel mtaa mzima, hadi kwa wauza nyanya, na siku tuliyotoka kuzika jina hilo likatoweka midomoni mwao kana kwamba walikaa kikao. Najua wananionea huruma. Huruma yao inanikera.

Haya, naandika. Rahel, mwanangu wa pekee, aliugua Jumatano ya Novemba, Ijumaa akafariki. Homa ilimpanda kichwani. Nilimwosha mimi mwenyewe pamoja na Georgina, nikamsuka upya nywele zilizokuwa zimefumuka, nikamvisha gauni lake la kipaimara ingawa lilikuwa limeanza kumbana. Tukamzika kijijini kwa mama mkwe wangu, karibu na zizi, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Hayo ndiyo yaliyotokea.

6 Mei

Pamba imeanza kupasuka. Mume wangu Josia ni karani wa mizani wa chama cha wakulima, kwa hiyo msimu huu kwake ni kama Krismasi kwa padri. Anarudi giza limeshaingia. Chakula ninachomwekea nakitupa.

9 Mei

Kidato cha tano, vipindi viwili mfululizo, visasili. Niliandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: masimulizi yanayoeleza asili ya mambo, ambayo jamii husika huyaamini kuwa ni kweli. Kazi zake ni kueleza, kuonya na kuunganisha jamii. Wanafunzi wakanakili huku wakipiga miayo. Ndipo Fatu, yule binti wa dawati la mbele asiyejua kunyamaza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na habari za msukule? Ni kisasili au ni kweli?"

Darasa zima likaacha kuandika. Hakuna nyumba Bariadi isiyojua habari za msukule. Mtu anakufa ghafla, mnalia, mnazika, kumbe mlichozika ni mgomba uliofanyiwa dawa mkauona kama mwili. Mwenyewe yuko mahali kafichwa, ulimi umefungwa, analishwa pumba, na usiku anachumishwa pamba ya tajiri fulani. Fatu hakuwa na nia mbaya. Alisahau tu anamuuliza nani.

Nilimjibu vizuri mno. Nilisema hadithi hii inanoga huku kuliko kwetu Bukoba kwa sababu huku kuna pamba. Shamba ni kubwa, mikono ni michache, na kuna jirani mmoja anavuna kuliko wote wala vibarua wake hawaonekani. Watu wanauliza nani anamchumia. Na upande wa pili yuko mama aliyezika mtoto mzima asiye hata na kidonda, naye ana swali lake. Maswali mawili yakapata jibu moja. Kisasili kinashona, nikawaambia, na wao wakaandika "kinashona". Nilipotoka nikajifungia kwenye choo cha walimu nikalia mpaka kengele ilipogonga.

13 Mei

Mvua ya kufungia msimu. Pamba ya watu imelowa. Josia kawarudishia wakulima magunia, wamemtukana.

17 Mei

Josia alirudi mchana. Aliiweka simu yake mezani, karibu kabisa na sahani yangu.

"Mama Rahel," akasema. Nilishtuka kulisikia jina. "Mwangalie huyu."

Ilikuwa picha kutoka kundi la ukoo wao. Msichana ameokotwa Mwanhuzi, huko Meatu, akitembea peke yake katikati ya pamba za watu. Hasemi. Nywele zimekatwa ovyo, nyayo zimepasuka. Chini wameandika kwa herufi kubwa: MSUKULE KARUDI, WENYE NDUGU WAJITOKEZE.

Nilimtazama. Mtoto wa watu. Mrefu kuliko Rahel, mweusi zaidi, uso mpana.

"Siyo yeye, Josia."

"Miezi sita yuko juani, anakula pumba. Ungekuwa wewe ungebaki ulivyo?"

"Rahel alikuwa mfupi. Alinifuata mimi."

"Mama ameshamtambua."

Mama yake, Milembe, hawezi kutofautisha mbuzi na kondoo mpaka amsikie analia. Nikalisema hilo kwa sauti. Josia akachukua simu yake, akatoka.

18 Mei

Nilimwambia tufukue kaburi. Akajibu bila kusita kwamba tutakuta mgomba.

"Na tukimkuta mwanangu?"

Alifikiri kidogo. "Basi watakuwa wameweka mifupa ya mtu mwingine."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mimi ni Mhaya, nimezaliwa migombani. Hapa Bariadi ukitafuta mgomba wa kujaza jeneza utatembea mpaka soli ziishe. Nikamweleza hivyo. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni, nami nikaacha kucheka. Na huyu ndiye Josia anayetia mkono kwenye gunia akasema chini kuna mchanga, na mkimwaga mnaukuta mchanga. Nimeishi naye miaka yote hii kwa sababu hadanganyiki.

21 Mei

Josia na mama yake wamekwenda Mwanhuzi. Nimesahihisha madaftari.

22 Mei

Wamemchukua. Viongozi wa kule walifurahi kumpata wa kumkabidhi. Hawakumleta kwangu, wamempeleka moja kwa moja kijijini. Josia alinisimulia amesimama, hakuweza kukaa. Eti Milembe alimpa michembe na karanga, binti akala kama yuko kwao. Nikamuuliza ni nyumba gani ya Wasukuma isiyokula viazi vikavu. Hakunisikia. Alikuwa anacheka peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

25 Mei

Baada ya misa nimepanda bodaboda hadi kijijini.

Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaegemea ukuta wa jiko. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Badala yake, kabla sijamsalimia mtu, nilijikuta namtafuta Rahel usoni mwake, kwenye paji, kwenye masikio, kwenye vidole vya miguu. Sikumpata. Alinitazama bila woga, kisha akatazama mkoba wangu.

"Mwadila, mayu," Milembe akanisalimu, akiniita mama kwa lugha yao.

"Mwadila, mama."

Akanikalisha na kunieleza. Wanawake wengine walikuwa wanachambua pamba, lakini masikio yote yalikuwa kwetu. Alisema mtu wa namna hii haingii nyumba kubwa hivi hivi. Alitoka mlango ule akiwa kwenye jeneza, basi atarudi kwa mlango uleule, na wa kumrudisha ni mama yake aliyemzaa. Mama anasimama ndani, yeye anasimama nje, watu wote wapo. Mama anaita jina. Akiitika, ulimi umefunguka na amerudi. Mpaka hapo hakuna ruhusa mtu yeyote kumwita jina lile. Wanamwita binti tu.

"Pamba ikiisha," Milembe akasema, "watu watakuwa na nafasi. Utamwita."

"Na nisipomwita?"

"Mama gani anashindwa kumwita mtoto wake, mayu?"

"Mama ambaye mtoto wake yuko pale karibu na zizi."

Mikono yote ikasimama kwenye pamba. Hakuna aliyenisindikiza.

26 Mei

Nimetuma ile picha kwa walimu wote ninaowafahamu, Maswa, Meatu, Itilima, Busega. Nimeandika: huyu binti ameokotwa, hasemi, kama kuna familia imepotelewa naomba mniambie. Mahali fulani kuna mwanamke anamtafuta huyu. Josia hajui.

29 Mei

Nilipita dukani kwa Hamimu kununua sabuni. Alisubiri mteja mwingine aondoke.

"Mwalimu, nikwambie kama dada yangu. Sokoni kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Wanasema mama asiyemtaka mwanawe aliyerudi, ndiye aliyemtoa awe msukule." Akafunga sabuni kwenye gazeti taratibu. "Na wewe siyo wa huku. Na macho yako, usinielewe vibaya, yamekuwa mekundu sana siku hizi."

Macho yangu ni mekundu kwa kulia. Lakini nimekaa Usukumani vya kutosha kujua macho mekundu ya mwanamke yanasomwa kuwa ya mchawi, na yaliyowapata baadhi ya waliosomwa hivyo. Nilimshukuru. Nimerudi nyumbani nikaweka komeo la pili mlangoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata tulipoibiwa.

2 Juni

Hakuna jibu kutoka kwa mwalimu yeyote.

6 Juni

Shule imefungwa. Josia ameniomba, na hakupandisha sauti, niende nikakae kijijini likizo hii. "Kaa naye tu. Ukimzoea utamjua." Ningekataa ningesema nini sokoni? Nimefunga begi.

8 Juni, kijijini

Nalala jikoni na yule binti kwa sababu haruhusiwi nyumba kubwa. Anakoroma.

9 Juni

Tumechuma pamba kutwa. Mikono yangu ya chaki imechanika yote. Yeye anachuma kwa mikono miwili kama mashine, na mistari yake haina kinachobaki. Wanawake wanakonyezana, wanasema angalia, amezoeshwa. Nikawaambia binti yeyote wa Kisukuma anachuma hivyo. Wakainamia pamba kwa adabu.

10 Juni

Pamba.

11 Juni

Pamba. Baridi ya asubuhi. Alinivuta kanga yangu akajifunika, sikumnyang'anya.

14 Juni

Ghala limejaa mpaka dirishani. Baada ya kula tulikaa juu ya lundo la pamba, na yeye akalaza kichwa mapajani mwangu akasinzia. Nilikaa bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Nywele zake zimeanza kuota. Zinanuka moshi na mafuta ya kupikia, harufu ya mtoto wa mtu yeyote. Nikaanza kuzisuka. Zilikuwa fupi mno, zilinitoka vidoleni, lakini niliendelea.

Josia alikuja jioni na soda na mkate. Aliketi nasi, akamega, akala nusu ya mkate mzima huku akitusimulia kuhusu mkulima aliyeficha tofali kwenye gunia. Miezi hii yote nimekuwa nikimwekea chakula na kukitupa. Mzee mmoja akapita barabarani akapaza sauti, "Mwadila, Mama Rahel!"

Nikaitikia. Nilikuwa nimeshaitikia kabla sijafikiri.

16 Juni

Kila mwaka nawauliza kwenye mtihani, taja na ufafanue dhima tano za visasili. Wanajaza kurasa. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba humfanya mtu ale mkate. Kitabu kinasema jamii huviamini, kana kwamba kuamini ni kitu ambacho mtu anacho au hana, kama shati. Hakisemi kwamba mchana mtu anaweza kukataa, na jioni, moto ukiwashwa na watu watatu wakikaa kuuzunguka, akakubali kidogo, kisha asubuhi akakataa tena. Mimi sasa ni mtu wa namna hiyo. Ninajua nilimwosha nani. Na jioni nikihesabu sahani nahesabu tatu, moyo unatulia, na kutulia kwenyewe kunanitia hofu.

19 Juni

Jibu limekuja.

Limetoka kwa Wilbroad, tuliyefundisha naye zamani. Sasa yuko Mwamanyili, Busega. Anaandika kwamba kuna mjane mmoja pale anaitwa Doto, anauza dagaa. Binti yake alikuwa anavurugikiwa akili kwa vipindi, na mwezi wa pili alitoka nyumbani hakurudi. Mara ya mwisho alionekana akipanda lori la ng'ombe. Wilbroad amemwonyesha picha kwenye simu, mama amelia, amesema anaona kama ni yeye lakini nywele zinamchanganya. Jina la binti ni Minza.

Nililisoma kisimani. Nikabeba ndoo nikarudi. Alikuwa jikoni amechuchumaa, anapuliza moto wa miti ya pamba. Nilisimama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Minza."

"Bee," akaitika.

Hivi hivi tu, kama mtu aliyetumwa chumvi. Akageuka, akanitazama, akasubiri nimwambie nilichomwitia. Nilimwambia aongeze kuni.

Kwa hiyo ulimi haukuwahi kufungwa. Hakuna aliyekuwa amemwita tu. Josia akija Jumamosi nitamwambia.

21 Juni

Josia amekuja. Alimletea kandambili za njano. Sijamwambia.

22 Juni

Sijasema.

24 Juni

Wilbroad anauliza kama nimepata ujumbe wake. Sijamjibu. Sijasema.

25 Juni

Sijasema. Pamba imebaki ekari moja.

27 Juni

Nimejaribu leo. Nilimchagua Milembe kwa sababu nilidhani ndiye mwenye mzizi wa haya yote, nikimng'oa yeye Josia atafuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika mtama. Binti alikuwa shambani na wengine.

"Mama," nikamwambia, "unajua kabisa yule si Rahel."

Nilitegemea ukali. Aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja.

"Mimi ni mzee, mayu. Sioni vizuri. Siulizi sana."

"Hapana, mama. Leo tuongee."

Akajifuta mikono, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akanionyesha kwa kidevu mti ulio nyuma ya zizi. "Mwezi wa tatu Josia alikuja hapa, kasema kaja kuangalia ng'ombe. Usiku nikasikia mbwa. Nikatoka. Nikamkuta pale na kamba ya ng'ombe, ameshapanda."

Sikujua. Mwezi wa tatu aliniambia alikuwa kijijini kwa ajili ya chanjo ya ndama.

"Ningemwambia nini? Kwamba Mungu amependa? Padri ameshasema hivyo, ndiyo maana akachukua kamba. Nikamwambia, baba, shuka, mtoto hajafa. Wamemchukua tu. Yuko mahali. Nilitoa mdomoni tu, mayu, sikuwa nimefikiria. Akashuka. Akalala kitandani kwangu kama mtoto. Asubuhi akaniuliza, mama, yuko wapi? Nikasema tutamtafuta. Kila siku anauliza, kila siku nasema hivyo. Sasa nimesema mpaka na mimi naamini."

Kuku walikuja kwenye mtama na hakuna aliyewafukuza. Miaka yote nimemchukulia mwanamke huyu kama mtu wa ushirikina, wa kuelimishwa. Nimemsimulia kwa wenzangu kwenye chumba cha walimu, wakacheka. Na yeye usiku ule, peke yake gizani, alitafuta kitu cha kumshusha mwanawe mtini akakipata mdomoni. Mimi nilikuwa mjini nimelala, na digrii yangu.

"Lakini yule binti," nikasema, "naye atakuwa na mama."

"Labda." Akanigeukia, na macho yake yale mabovu yakanikaa usoni. "Wewe unamjua?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Jina lilikuwa tayari mdomoni.

"Simjui," nikamjibu.

28 Juni

Nilimwomba Mungu anipe ujasiri. Nikagundua naomba huku nikitumaini hatanipa.

1 Julai

Pamba imeisha. Wameng'oa miti na kuichoma. Moshi kila mahali, macho yetu sote ni mekundu.

5 Julai

Leo nimemwita.

Watu walikuja tangu asubuhi, ukoo wote na majirani, na wengine wa mbali waliosikia tu. Walichinja ng'ombe. Josia alivaa suti aliyofungia ndoa. Walinisimamisha ndani ya nyumba kubwa, mlango ukaachwa wazi, na nje jua lilikuwa kali kiasi kwamba sikuona nyuso, niliona kundi tu na yeye mbele yake, na kandambili zake za njano. Milembe alisimama pembeni yangu. Hata watoto walizibwa midomo.

Nilikuwa nimepanga. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikuwa nimepanga. Ningesema kwa sauti kubwa: huyu anaitwa Minza, mama yake yuko Mwamanyili, anauza dagaa. Mbele ya watu wote hao Josia asingeweza kukimbilia mti wowote, wangemshika. Nami wangenifanya walichotaka. Niliyarudia maneno hayo usiku kucha.

Nikafungua mdomo. "Rahel," nikasema.

Hakuitika. Alitazama miguu yake. Nikaita mara ya pili. Watu wakaanza kunong'ona, na nikasikia mwanamke akisema kwa Kisukuma neno ninalolijua, neno wanalowaita wachawi. Milembe akanishika kiwiko.

Mara ya tatu sikuita kama walivyonielekeza. Niliita kama nilivyokuwa namwita pale Bariadi, chakula kikiwa tayari na yeye yuko kwa jirani anaangalia tamthilia, nikivuta jina mwishoni, nikiwa nimekasirika kidogo. Sauti hiyo sikuwa nimeitoa tangu siku ile. Sikujua kama bado ninayo.

"Raheeel!"

"Bee, mama."

Akaja. Sijui kama aliitikia jina au aliitikia sauti yangu. Alivuka kizingiti, akasimama mbele yangu, na mimi nikamkumbatia, na vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi mjini. Josia alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na suti yake, analia kwa sauti, na wanaume wenzake wanampigapiga mgongoni wanacheka.

Nikisema niliogopa watu, nitakuwa nalidanganya daftari. Nikisema nilimwonea Josia huruma, nalo ni uongo, au ni kweli ndogo sana. Nilipofungua mdomo sikumkumbuka Josia wala kamba. Nilitaka kusikia mtu anaitika.

6 Julai

Sikwenda misa.

8 Julai, Bariadi

Shule imefunguliwa. Tumerudi mjini sote watatu. Hamimu amekataa kunitazama, lakini alimwambia Rahel karibu.

9 Julai

Rahel amekula vizuri.

11 Julai

Rahel amefua mapazia. Josia ameanza kuimba akinyoa ndevu. Nimefuta namba ya Wilbroad.

13 Julai

Jumapili, baada ya chakula. Josia alikuwa amelala. Rahel yuko uani anasugua masufuria. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwadila, mayu. Ndiyo mwalimu wa Bariadi?"

"Ndiyo."

"Samahani nakusumbua siku ya Mungu. Mimi naitwa Doto, niko huku Mwamanyili. Mwalimu Wilbroad kanipa namba. Simu siyo yangu, nitasema haraka." Nyuma yake kulikuwa na kelele za mnada au soko. "Kasema ulituma picha ya msichana. Mimi nina binti yangu Minza amepotea. Nilikuwa naomba unisaidie kitu kimoja tu, mayu. Umwambie mtoto wake yuko mzima. Alimwacha hapa ana miezi mitano. Sasa ameanza kusimama, anashika ukuta. Nikasema labda akisikia hivyo atakumbuka."

Mtoto. Sikuwa nimejua kuna mtoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kutoka pale nilimwona mgongo wake ulivyoinama juu ya sufuria, na nywele nilizomsuka jana, sasa zinashikika. Ningeita jina moja tu, angegeuka.

"Mayu? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Pole sana. Yule msichana wa kwenye picha siyo wako. Ni binti yangu. Alikuwa amepotea na yeye, tumempata."

Nikasikia mtoto anacheka karibu na simu, na yeye akimwambia tulia.

"Ni wako kabisa? Umemhakikisha?"

"Mimi ndiye mama yake. Nilimwita, akaitika."

"Walisema alikuwa msukule."

Ningeweza hata hapo. "Ndiyo," nikasema. "Tulikuwa tumeshazika."

"Mungu wangu." Nilitegemea alie. Sauti yake ikawa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu wangu, mayu. Mlizika kabisa, na akarudi. Mimi wangu sikuzika. Kama wako karudi kutoka huko, basi na wangu atarudi. Si ndiyo? Atarudi?"

Rahel aliinua kichwa akanitazama, aone kama namwita.

"Atarudi, mayu," nikamwambia Doto. Akanishukuru sana.